Dada wa hoteli ya Nakuru, usifunge hayo madirisha

Dada, simamisha leo hiyo oda ya vifaa vya kuzuia Korona. Kama umeshatoa arbuni, afadhali arbuni ipotee.

Umeandika kwamba tangu Rais atangaze Mei 1, 2021 kuwa kaunti tano zilizokuwa zimefungwa kwa sababu ya Korona, Nakuru ikiwemo, zimefunguliwa na watu wanaweza tena kukaa hotelini wakala, unataka kurudisha viti vyako vyote 40 kwenye ukumbi wa ghorofa ya kwanza, mita 10 kwa 6. Umetenga shilingi 180,000 za viyoyozi viwili, vioo vya plastiki kati ya meza, kipima joto cha mlangoni na mtu wa kupulizia dawa mara mbili kwa wiki. Madirisha ya upande wa barabara utayafunga kabisa kwa sababu ya vumbi na baridi. Halafu unauliza kama ni salama kufungua ilhali unaishi na mama wa miaka 67 mwenye kisukari, umwambie nini landilodi kuhusu kodi ya Aprili, upunguze menyu au la, na weita wanane uwarudishe wote au nusu.

Nilipofika kwenye madirisha nikashindwa kuendelea kusoma. Orodha yako naijua kifaa kwa kifaa, kwa sababu ndiyo niliyouziwa mwaka jana, 2020, hoteli zilipofunguliwa mara ya kwanza. Haikosi sabuni wala dawa. Inakosa hewa, na bila hewa hivyo vingine vyote ni mapambo.

Kiyoyozi cha ukutani, kile chenye kipande kimoja ndani na kingine nje, hakiingizi hewa ya nje hata kidogo. Mabomba mawili ya shaba yanayopita ukutani yanabeba gesi ya kupozea, hayabebi hewa. Kinachofanyika ni kwamba hewa ya ukumbini inavutwa juu, inapozwa, inarudishwa palepale. Ukifungua mfuniko wake utakuta wavu wa plastiki unaodaka vumbi na manyoya. Chembe ndogo zinazotoka mdomoni mtu akiongea zinapita kwenye wavu huo bila kizuizi. Kwa hiyo mgonjwa mmoja akikaa meza ya dirishani kwa saa nzima, kiyoyozi kinamgawia kila mtu pumzi yake.

Yaliyotokea Guangzhou, China, Januari 24, 2020 yanajulikana kwa undani. Familia tatu zilikula kwenye hoteli moja isiyo na madirisha, meza zao zikiwa karibu mita moja moja, mbele ya kiyoyozi kimoja. Watu 10 wa meza hizo tatu waliugua. Wachunguzi waliporudi kupima waligundua feni za kutolea hewa zilikuwa zimezimwa, na hewa safi iliyokuwa ikiingia ilikuwa kama lita moja tu kwa sekunde kwa kila mtu. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa Machi 2021, linataka lita 10. Korea Kusini, Juni 2020, mtu aliambukizwa hotelini akiwa mita 6.5 kutoka kwa mgonjwa, na walikaa pamoja dakika tano tu. Yeye alikuwa kwenye njia ya upepo wa kiyoyozi. Kwa hiyo ile futi kamba yako ya mita moja na nusu ishike, inasaidia dhidi ya mate ya karibu, lakini usidhani imekumalizia kazi.

Ndiyo maana nina hasira na hawa wanaozunguka mahotelini na tableti wakijiita washauri wa usalama. Wanajua kwamba mwenye hoteli aliyefungiwa wiki tano ana hofu na haraka, na mtu wa namna hiyo hulipia chochote kinachoonekana kwa macho. Kioo kinaonekana. Moshi wa dawa unaonekana na unanuka hospitali. Kibandiko cha "mahali salama" mlangoni kinaonekana. Dirisha lililofunguliwa halina kamisheni, kwa hiyo hawalitaji. Aliyeniuzia mimi alisimama chini ya kiyoyozi akaniambia kinasafisha hewa, na hakupepesa jicho. Mtu akikwambia hivyo, mwombe akuonyeshe bomba la hewa linalotoka nje. Halipo.

Vioo vya plastiki vibaki kaunta tu, pale keshia anapozungumza na wateja uso kwa uso. Ukivisimamisha kati ya meza unajenga vibanda vidogo ambamo hewa inalala. Upepo wa dirishani unagonga plastiki na kurudi, na pumzi ya mtu inabaki kwenye kibanda chake ikiongezeka.

Mpulizia dawa mwache kabisa. Shirika la Afya Duniani lilisema tangu Mei 2020 kwamba kupulizia dawa ndani ya vyumba si njia ya kupambana na ugonjwa huu, na kwamba kumpulizia mtu hakufai kwa hali yoyote. Meza zipanguswe kwa kitambaa. Dawa ya klorini ya madukani ya asilimia 3.5, kipimo kimoja kwa vipimo 34 vya maji, inakupa asilimia 0.1 inayotosha. Ichanganye asubuhi, imwage jioni, na usiichanganye kamwe na siki wala dawa ya choo yenye asidi, inatoa gesi inayochoma mapafu.

Kipima joto nunua kimoja cha bei ya chini kama wakaguzi wanakidai. Lakini jua kwamba mtu huanza kuambukiza kama siku mbili kabla hajahisi chochote, wengi hawapati homa, na aliyemeza Panadol nyumbani atapita mlangoni na nyuzi 36.5.

Sasa fanya hesabu ambayo mshauri wako hakuifanya. Kila anayekaa humo, weita akiwemo, anahitaji lita 10 za hewa ya nje kwa sekunde. Wateja 40 na weita wanne ni lita 440 kwa sekunde, yaani karibu mita za ujazo 1,584 kwa saa. Ukumbi wako ukiwa na dari ya mita 3 una mita za ujazo 180. Maana yake hewa yote ya ukumbi ibadilike karibu mara tisa kila saa. Madirisha yakifungwa, inabadilika kwa nyufa za mlango tu.

Nenda kwa muuza vifaa vya umeme uulize feni ya kunyonya hewa ya inchi 12, ya kufunga ukutani. Usimsikilize yeye, soma boksi: kuna mahali pameandikwa mita za ujazo kwa saa. Ikisema 1,200, hesabu 800, kwa sababu hicho ni kipimo cha feni isiyo na wavu, isiyo na mafuta ya jikoni kwenye mapanga, isiyosukumana na upepo wa nje. Mia nane kwa saa ni lita 222 kwa sekunde. Gawanya kwa 10: watu 22. Toa weita wanne, umebaki na viti 18. Ndiyo idadi yako kwa feni moja. Ukitaka viti zaidi, ongeza feni, usiongeze meza. Futi za sakafu hazikwambii chochote kuhusu watu wangapi waingie. Hewa inayoingia ndiyo inayosema. Hii ndiyo kanuni ninayokuomba uishike hata ukisahau hayo mengine yote.

Mafundi wengi huharibu kwenye kufunga. Feni haiwezi kutoa hewa kama hakuna pa kuingilia, itanguruma tu. Acha uwazi wa angalau nusu mita kwa nusu mita upande wa pili kabisa wa ukumbi. Fundi akiweka feni juu ya mlango na mlango huohuo ndio unaoingiza hewa, hewa itapita njia ya mkato kutoka mlangoni hadi kwenye feni, na meza za pembeni hazitapata kitu. Kwako, kwa ulivyoeleza, feni iwe ukuta wa nyuma, itoe nje juu ya paa la stoo. Madirisha ya barabarani ndiyo yaingize. Yaani hayohayo uliyotaka kuyafunga. Vumbi lizuie kwa wavu wa mbu unaooshwa kila Jumatatu. Feni ya dari inazungusha tu, usiihesabu.

Usiamini hesabu yangu wala neno la fundi mpaka uione kwa macho. Nunua udi wa vijiti. Kabla ya kufungua, madirisha yakiwa wazi na feni ikiwaka, kaa kwenye kiti cha kona ya mbali zaidi, washa kijiti, kishike usawa wa mdomo wako. Utaona uzi wa moshi unapanda kiganja kimoja, unasitasita, halafu ama unalala kuelekea feni kama nywele zilizochanwa, ama unajikunja na kuelea juu ya meza. Ukijikunja, kiti hicho hakiuzwi. Zunguka meza zote hivyo. Mwisho washa vijiti vitano katikati, vizime ukumbi ukijaa, uhesabu. Kama bado kuna ukungu baada ya dakika 20, hapo hapafai kulisha watu ndani.

Ukibakiwa na pesa baada ya kufuta oda, nunua kipima kaboni dioksidi. Pumzi tunayotoa ina karibu asilimia 4 ya gesi hiyo, hewa ya nje ina 0.04 tu, kwa hiyo kipimo kinakuonyesha watu wanavuta pumzi za wenzao kiasi gani. Nje kitasoma kama 420, yaani sehemu 420 za gesi hiyo katika kila sehemu milioni za hewa. Ukumbi ukiwa na wateja usizidi 800. Hapo kama moja katika kila pumzi mia imeshatoka kwenye pafu la mtu mwingine. Ukifika 2,000 ni nne katika mia. Kiweke usawa wa kichwa cha mtu aliyekaa, mbali na mdomo wa mtu na mbali na mlango wa jikoni, maana moto wa gesi na makaa nao hutoa gesi hiyohiyo. Nunua chenye maandishi NDIR, yaani kinachopima gesi yenyewe kwa mwanga. Vile vya bei ya kutupa vilivyoandikwa eCO2 vinapima harufu na kubahatisha. Vitunguu vikikaangwa vitapiga kelele bure.

Baridi ya Nakuru naielewa. Wape wateja mashuka ya Kimaasai, uza supu na chai ya tangawizi. Usithubutu kuwasha jiko la makaa ukafunga madirisha, hiyo sumu inaua usiku mmoja. Na kwa kuwa kwa amri hiyo ya Mei 2021 mnafunga saa moja jioni, biashara yako kubwa ni ya mchana. Ile veranda ya chini uliyoitaja kwa neno moja tu, inayowekwa makreti ya soda, ndiyo mali yako. Ondoa makreti, weka turubai la juu tu bila kuta, jaza meza hizo kwanza, ukumbi uwe wa mvua. Redio punguza sauti. Mtu anayepaza sauti hutoa chembe nyingi zaidi kuliko anayeongea taratibu.

Kuhusu weita, jambo moja. Mteja anakaa dakika 40, weita saa tisa. Barakoa ya kitambaa haimtoshi. Mpe KN95, ile barakoa inayochuja chembe ndogo, aivae atoe pumzi kwa nguvu huku viganja vimezunguka pua na mashavu: akisikia upepo, abane waya wa pua upya. Tano kwa mtu, moja kwa siku, zikianikwa kwenye mifuko ya karatasi kwa zamu. Na mwenye kikohozi alipwe siku zake akiwa nyumbani. Anayelipwa kwa siku hatakwambia anaumwa, atameza dawa aje, na mimi simlaumu.

Mama apelekwe chanjo ya Korona wiki hii, maana kwa sasa, Mei 2021, wenye miaka 58 na zaidi wanapokelewa. Kinga haiji siku hiyo, mpe wiki tatu kabla wewe hujakaa ukumbini kutwa. Wakati huo uza chakula cha kubeba tu na cha veranda. Ukirudi jioni usile naye meza moja, kwa sababu ndipo barakoa zinapovuliwa na watu huongea. Yeye ale kwanza, au kaeni uani. Chumba chake kiwe na dirisha lisilofungwa lote, hata usiku, kidole kimoja kinatosha.

Fanya jaribio la udi kesho asubuhi kabla upepo haujaanza, kisha liandike hapa: moshi umechukua dakika ngapi, ni kona ipi ulikaa ukijikunja, na boksi la feni limeandikwa ngapi. Nitakuhesabia viti.