Kabla ya Dekio: Kushona Sapatu kwa Nguo Kuukuu

Nguo ikichakaa katika nyumba zetu za Lamu, safari yake inajulikana. Kwanza inakuwa ya kulalia, halafu tambara la vumbi, halafu dekio, mwisho inaishia jaani. Naomba uisimamishe kabla haijawa dekio. Jinzi iliyotoboka magoti, kikoi kilichochujuka, taulo lililokonda katikati: hivyo vinatosha kushona sapatu za nyumbani za kuvaliwa muda mrefu, bila kutoa fedha nyingi na bila mtambo wowote zaidi ya mikono yako.

Nasema sapatu za nyumbani kwa makusudi. Kiatu cha nguo si cha kutembelea njiani. Vichochoro vyetu vina mavi ya punda na maji ya mitaro, na masika ikishaanza ndiyo kabisa. Nguo hunywa maji, ikilowa haikauki upesi kwa unyevu huu wa pwani, na isipokauka hupiga ukungu na uzi ukaoza. Ndani ya nyumba ni habari nyingine. Viatu vya njiani tunavivua mlangoni, kisha tunatembea miguu mitupu. Wazee wetu walikuwa na mitaawanda, vile viatu vya mbao, ya kuzungukia uani na kuingilia chooni. Leo wengi hatuna kitu cha kuvaa ndani ila ndara zile zile zilizotoka nje, na hapo usafi wa sakafu unakuwa hauna maana.

Kilichonitia mimi katika kazi hii ni miguu ya mamangu. Ana sukari, na kliniki walimwambia asitembee pekupeku hata chumbani mwake, kwa sababu sukari ikikaa mwilini miaka mingi hufisha hisia za nyayo. Mtu hukanyaga kokoto au sindano asiwe na habari, mpaka kidonda kimeshika. Ndara hazikumfaa, maana kile kipini cha katikati ya vidole kilikuwa kikimchubua. Kwa hiyo ukimshonea mwenye sukari, shika haya: sapatu ifunike vidole, kusiwe na kitu chochote kati ya vidole, na nyuma pawe na mkanda wa kushika kisigino ili isimponyoke akaanguka. Mishono minene yote ielekee nje. Bitana iwe nyeupe au ya rangi nyepesi, ili damu au usaha ukitoka uonekane mara moja. Na kila siku kabla ya kuvaa, apitishe mkono ndani. Aliye na kidonda tayari, sapatu hizi si zake. Aende hospitali aelekezwe kiatu kinachomfaa.

Sasa tuje kwenye nguo zenyewe. Si kila nguo inafaa. Kwa soli, jinzi ya pamba tupu ya zamani, ile nzito isiyovutika, haina mpinzani. Jinzi za siku hizi za kubana na kuvutika ziache, kwani soli yake hulegea na kupanuka baada ya muda mfupi. Tafuta nyuma ya mapaja na sehemu ya chini ya mguu, huko kitambaa bado kina uhai. Magoti na makalio huwa yameshaliwa. Kile kiuno cha jinzi kisitupwe hata kidogo, kwa sababu kimekwisha kushonwa tabaka mbili na ndicho mkanda bora wa kisigino. Kikoi kinafaa upande wa juu. Kanzu nyeupe iliyochakaa shingoni ndiyo bitana. Taulo na blanketi la zamani huingia katikati. Buibui, kwa maoni yangu, mwachie mwingine: kitambaa chake kinateleza, kinafumka nyuzi, na kinatia mguu joto.

Leso, yaani kanga, nayo ni nzuri kwa urembo, hasa pindo lake, lakini ni nyepesi, kwa hiyo lazima iwe na jinzi chini yake. Na kabla ya kukata, soma jina la leso. Leso nyingi zina jina la Mungu au dua. Maneno hayo hayaendi mguuni, wala juu ya sapatu wala chini. Yakate, yaweke kando, tumia maua.

Fua kila kitu kwanza kwa maji ya moto, ukaushe juani, ndipo ukate. Kitambaa kikitaka kuruka, yaani kunywea, kiruke kikiwa bado ni jinzi, si baada ya kuwa kiatu.

Nguvu zako zote ziweke kwenye soli. Sehemu ya juu ukiikosea utaishona tena kwa nusu saa, lakini soli mbaya huharibu kila kitu. Na hapa sisi watu wa Lamu tuna mtaji ambao wengi hawana. Nenda Matondoni au Kipungani utazame mama anavyosuka chane za miyaa ziwe utepe mrefu, ndio ukili, kisha anavyoushona ukingo kwa ukingo hadi ukawa mkeka. Soli ya jinzi ni kazi hiyo hiyo, ila chane ni za kitambaa. Kama umewahi kukaa na bibi yako ukamsaidia ukili, nusu ya kazi unaijua.

Kata chane za upana wa sentimita 3 hivi, uzikunje kingo ziingie ndani, usuke tatu tatu kwa kukaza. Utapata ukili wa upana wa kama sentimita 2. Chane ikiisha usifunge fundo, kwa sababu fundo utalisikia chini ya unyayo kila hatua. Kata ncha zote mbili hanamu, zilaze moja juu ya nyingine, uzishone bapa. Na zile chane tatu zisiunganishwe mahali pamoja, hapo ukili utakuwa mnene kupita kiasi.

Kabla ya kushona unahitaji kipimo. Simama juu ya kadibodi, uzito wote mguuni, uchorwe na mtu mwingine huku penseli ikiwa wima. Fanya hivyo jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo wa kutwa. Chora miguu yote miwili, kwa sababu kulia na kushoto mara nyingi hazilingani, hasa kwa wazee.

Kisha pima urefu wa wayo na upana wake pale palipo papana. Ondoa upana kwenye urefu. Kama mguu ni sentimita 25 kwa 9, utabaki na 16. Hiyo 16 ndiyo urefu wa mstari wako wa kwanza: laza ukili sentimita 16 moja kwa moja, kisha ugeuze, uuzungushe pembeni yake, uendelee kuzunguka na kushona mpaka ujaze mchoro wa kadibodi. Ukianza na mstari mfupi kuliko huo utapata duara. Ukianza na mrefu, soli itakuwa nyembamba na ndefu. Pale mbele penye vidole, ambapo mguu ni mpana kuliko kisiginoni, urudishe ukili mara moja zaidi upande wa kidole gumba na kidole kidogo, uushone, uendelee.

Shona soli ikiwa imelala mezani, usiishike hewani. Hili nalisisitiza kwa kila ninayemfundisha. Ukivuta uzi sana, kingo zinaanza kuinuka, na baada ya mizunguko mitatu una kikapu badala ya soli. Ukiulegeza, inafanya mawimbi. Sindano ipite kwenye vile vitanzi vya ubavuni mwa ukili, uzi ujifiche ndani, usipande juu. Uzi ulio juu ndio unaoliwa na sakafu kwanza. Mimi hutumia uzi wa nailoni wa kushonea nyavu, unapatikana popote panapouzwa vifaa vya uvuvi, nao hauozi. Uupake nta kidogo ili usijisokote. Sindano iwe ile ya magunia, au shazia kwa walio nayo, na kidoleni vaa subana.

Kwa tabaka moja ukili wa mita moja na robo hutosha mguu huo wa 25. Fanya tabaka mbili kwa kila mguu, uzishone pamoja, katikati ukitia kipande cha taulo. Jinzi moja ya mtu mzima inatoa soli za jozi nzima na kitambaa cha kutosha upande wa juu.

Wasiopenda kusuka wana njia nyingine. China wamevaa viatu vya soli ya nguo tangu zamani: matambara hupakwa gundi ya unga, hubandikwa tabaka kwa tabaka, hukaushwa, kisha hushonwa mishono mingi iliyobanana. Unaweza kufanya hivyo kwa tabaka sita au nane za jinzi, lakini gundi ya unga hapa kwetu ni kuwaalika mende. Zipigie bandi tu, ile mishono mirefu ya kushikiza. Kila tabaka igeuze upande: nyuzi za moja ziende urefu, za nyingine upana, nyingine hanamu. Soli ya namna hiyo haivutiki. Cherehani ya nyumbani yenye sindano namba 16 au 18 itashona tabaka chache; zinazobaki toboa kwa msharasi, ushone kwa mkono. Kama huna msharasi, fundi viatu atakutobolea kwa fedha kidogo.

Na kuna soli ya bure kabisa, ile inayoletwa na bahari. Tembea ufuoni uone ndara zilizokatika mikanda. Wengi mnaikumbuka Flipflopi, chombo cha mita 9 kilichoundwa hapa Lamu kwa plastiki iliyokusanywa, kikavikwa vipande vya ndara kuukuu maelfu kwa maelfu, kikashushwa majini mwaka 2018 na mwaka uliofuata kikasafiri hadi Zanzibar. Mafundi walituonyesha kuwa mpira ule bado una kazi. Okota ndara, ikunje mpaka kisigino kikutane na vidole. Ikionyesha nyufa, jua limeshaiua, iache. Ikirudi sawa bila ufa, ioshe chumvi, ikauke, ikate kwa kipimo chako, uivike jinzi juu. Kwa watoto hii ndiyo napendelea: nyepesi, haitelezi, na kazi yake haichukui hata jioni nzima.

Upande wa juu ni mwepesi. Pitisha utepe wa kupimia juu ya mguu, kutoka sakafu upande huu hadi sakafu upande ule, ongeza sentimita moja na nusu kila upande kwa ajili ya mshono. Kata vipande vitatu, cha nje, cha kati na cha bitana, uvishone kinyume, uvigeuze, upige mshono mwingine ukingoni. Ukikata mguu wa pili geuza kipimo, la sivyo utapata sapatu mbili za kulia. Mbele kwenye vidole pitisha uzi wa bandi, uvute kidogo kitambaa kijikunje, vidole vipate nafasi. Kisha kishikize kwa pini katikati ya mbele na pande mbili, umvalishe mwenye mguu, atembee hatua chache. Akisema panabana hapa, sogeza. Ndipo ushone moja kwa moja.

Linalobaki ni utelezi, na hili si la kudharau. Nguo juu ya vigae au saruji iliyosuguliwa inateleza vibaya sana, na mzee akianguka nyonga ikavunjika hakuna sapatu itakayofidia hilo. Kwa soli zisizo za ndara, mwombe fundi wa pikipiki tyubu iliyotoboka. Ikate kwa umbo la soli, isugue kwa msasa mpaka mng'ao wake uondoke. Paka gundi ya viatu kwenye tyubu na kwenye soli pia, subiri dakika 10 au 15 mpaka ukiigusa haishiki kidole, ndipo ubandike na kugonga kwa nyundo. Kazi hiyo fanya uani au darini penye hewa, mbali na moto wa jikoni na mbali na watoto. Usitegemee gundi peke yake: pitisha mshono kuzunguka ukingo wote, kwa sababu joto letu huilegeza.

Kuhusu kuuza, najua wengine watauliza. Wageni kijijini Shela wanazipenda, hasa zenye kikoi. Lakini zichagulie nguo zilizo nzima, usiuze soli ambayo hujaivaa mwenyewe nyumbani kwa muda, na hesabu saa zako kabla ya kutaja bei. Soli ya ukili hula jioni kadhaa. Ukiuza kwa bei ya ndara za dukani utakuwa umegawa.

Kuzifua, tumia brashi na maji kidogo ya sabuni, usiziloweke. Zianike zikiwa zimesimama, kisigino chini, jua liingie ndani. Na soli ikilika, usitupe jozi. Fumua mshono wa ukingoni tu, utoe tabaka la chini lililochoka, ushone ukili mpya mahali pake. Upande wa juu, ukiwa umeshonwa vizuri, utamaliza soli mbili au tatu kabla haujaomba kupumzishwa.