Maji ya ziwa hayapimi mpira wa gofu

Umeuliza kama maji ya Ziwa Victoria yanatosha kupima mpira wa gofu. Hapana mkuu, kwa maji hayo hutajua kama mpira una uzito uliozidi upande mmoja. Ni maji yasiyo na chumvi, na mpira una uzito hadi gramu 45.93 kwa kipenyo cha angalau milimita 42.67 kwa sheria za gofu, kwa hiyo mingi inazama tu, uiweke ziwani pale Capri Point, Mwanza, au kwenye beseni nyumbani.

Ili mpira uelee, tia chumvi ya kupikia karibu robo kilo kwa lita moja ya maji, koroga mpaka iyeyuke yote. Mpira ukielea, weka nukta ya kalamu sehemu iliyo juu, uzungushe, uache utulie. Rudia mara kadhaa. Nukta ileile ikirudi juu kila mara, chini kuna uzito uliozidi, na mpira wa hivyo usiutegemee kwenye grini, yaani eneo la nyasi fupi lenye shimo. Nukta ikitulia popote, chukua mpira huo. Mimi huipima hivyo mipira ya mtumba kabla ya kuicheza.

Ila hapo umepima ulinganifu wa uzito tu, ganda la nje la mpira bado. La yurethani, aina ya plastiki laini, huupa mpira mzunguko mzuri kwenye mipigo mifupi. La ayonoma, plastiki ya aina nyingine, ni gumu, linadumu, na bei yake nafuu.