Nililea mpapai dume miezi sita bila kujua

Ngoja nianze na aibu yangu. Tulivyohamia Kimara nilipanda mpapai mmoja uani karibu na karo, nikaupenda huo mpapai jamani, maji ya kuoshea mchele yake, samadi naagiza kiroba kizima kwa kaka anayetuletea maziwa, mpaka mume wangu akawa anasema humu ndani kuna anayedekezwa kumzidi. Miezi kama sita hivi ukatoa maua, meupe meupe, mengi, yananing'inia kwenye vikonyo virefu kama hereni za bi harusi. Nikapiga picha nikaweka status, "soon tunakula mapapai". Jioni mama mwenye nyumba kaja, shikamoo, marahaba, akauangalia tu mara moja akacheka mpaka akashika ukuta. "Mwanangu, hilo dume hilo. Utakula maua."

Mi nilikuwa sijui kabisa kama mipapai ina jinsia, nakula papai toka utotoni lakini sijawahi kujiuliza! Kumbe iko ya aina tatu. Dume ndio hilo la hereni. Jike ua lake ni nene, limebana pale pale kwenye shina, ukilipasua ndani unakuta kitu kama kipapai kidogo kabisa. Afu kuna mpapai wenye vyote viwili kwenye ua moja, huo unajitosheleza, hauhitaji mwenzie. Na huwezi kujua kwa kuangalia majani wala mche, uongo huo wa "mche wa jike una mizizi mingi" nimeuamini nikaumia. Subiri ua.

Majirani nao kila mtu na dawa yake. Mmoja kasema kata kichwa, mwingine kasema piga msumari kwenye shina utashtuka utazaa. Nikapiga misumari miwili ya nchi nne, nipo serious kabisa, mpapai ukaendelea na hereni zake. Ila ni kweli kuna madume huwa yanatoa vipapai vichache kwenye vile vikonyo virefu, hasa hali ya hewa ikibadilika, nahisi ndio maana watu wa msumari wanajisifia. Mi wangu niliukata.

Sasa hapa ndio ushauri wenyewe, shika hapa. Ukila papai tamu ukataka mbegu zake, angalia umbo. Papai la duara kama mpira mara nyingi mama yake ni jike, na kama baba alikuwa dume basi miche yako itatoka nusu kwa nusu, yani kamari. Papai refu refu lenye shingo mara nyingi limetoka kwenye mti wenye vyote viwili, na kama ulijichavusha wenyewe hupati dume hata moja, kwenye miche 3 kama 2 itakuwa yenye vyote na 1 jike, na yote inazaa. Lakini kama kuna dume la jirani hapo karibu nyuki hawaombi ruhusa, kwahiyo usiape. Mbegu zioshe utoe ule ute unaoteleza, ute huo unazuia mbegu kuota, mi nazisugua na majivu kidogo nazianika kivulini. Afu shimo moja weka miche mitatu au minne, ikitoa maua ng'oa madume, bakiza mche mmoja mzuri usio dume. Inauma kung'oa mti uliolea ila ndio hivo. Na usipande sehemu ambayo maji yanatuama, masika ya mwezi wa nne pale kwenye karo yaliniozeshea mizizi ya mti mwingine uliokuwa na matunda kabisa, siku chache tu majani yamelala.

Toka hapo nikawa na ugonjwa wa kuchungulia maua. Nikaja kwenye maboga. Bibi yangu kule Muheza alikuwa hataki usonte kidole boga changa, anasema litaoza, na kweli maboga yangu yalikuwa yanafika kama kidole gumba yanageuka njano yanadondoka, nikawa nawakataza watoto hata kuyaangalia, maskini wanapita uani wameficha mikono. Kumbe boga nalo lina maua ya kiume na ya kike, ila yote kwenye mti mmoja. La kike lina kiboga nyuma yake, la kiume lina kikonyo kitupu. Ya kiume ndio hutangulia, kwahiyo ukiona wiki nzima maua tu bila boga usipanic. La kike linafunguka alfajiri, ikifika saa nne saa tano limeshajikunja, na kama nyuki hajapita kile kiboga kinaoza, usonte usisonte.

Na nyuki walikuwa hawapiti kwasababu yangu mwenyewe, nilikuwa napiga dawa ya wadudu asubuhi asubuhi nawahi kazini! Siku hizi vidukari nawapiga maji ya sabuni jioni, na maboga nachavusha kwa mkono. Saa moja asubuhi nachuma ua la kiume, natoa yale majani ya njano, nabaki na kile kijiti chenye unga, nakipakaza kwenye ua la kike. Basi. Boga la kwanza lilivyoshika sikumwambia mtu, nilimpigia bibi tu, akaniuliza hukulisonta?

Pasheni nisiongee sana, ila lile la njano ua lake linafunguka mchana, na ukipanda mmoja peke yake utapata kivuli tu, unataka unga kutoka kwenye mmea mwingine usio ndugu yake, kwahiyo vipande viwili vya mmea mmoja havisaidii. Na yale manyuki makubwa meusi yanayotoboa boriti msiyaue, hayo ndio mafundi wa pasheni.

Kitu pekee uani kwangu kisichonisumbua na mambo ya jinsia ni asumini, ni nadra sana kuona mbegu yake, unapanda kipande cha tawi tu. Nilipewa kitawi na shangazi yangu wa Tanga nikakiweka kwenye ndoo ya rangi iliyotobolewa chini. Maua yanatokea kwenye machipukizi mapya, kwahiyo ukiona umegoma kata matawi bila huruma. Chuma matumba jioni yakiwa bado yamefunga, yafunike na kitambaa kibichi, yatafunguka usiku ndani kwako. Shangazi akija anayatunga na mrehani anafanya kikuba, mi sijui kutunga, naweka kwenye kisahani juu ya mto, umeme ukikatika feni imezima chumba kizima ni asumini.

Kwenye shimo la ule mpapai sasa kuna miche mitatu, ya papai refu hiyo. Juzi imeanza kuweka vitumba. Miwili imebana kwenye shina vizuri, wa katikati una kikonyo kinarefuka refuka hivi, na mama mwenye nyumba kasema anakuja kesho kuangalia.