Kiunzi kimetoka kijivu badala ya cheusi

SWALI: Ninachapa picha ya ghorofa refu linalojengwa katikati ya jiji. Nilichora kwa sindano juu ya bamba la shaba nyekundu lililopakwa nta, kisha nikalizamisha kwenye kloridi ya feri, dawa inayokula shaba, kwa saa nzima. Kreni zimetoka safi. Ila kiunzi, nilikopishanisha mistari mingi ili paonekane peusi, kimetoka kijivu. Weusi umebaki pembezoni tu. Niongeze muda?

JIBU: Hapana, muda ndio uliokiharibu. Kloridi ya feri haili kwenda chini tu, inakula na pembeni. Mistari ikibanana, kuta nyembamba za shaba zilizo kati yake huliwa zikaisha, nta iliyokuwa juu yake ikabanduka, na mistari kumi ikawa shimo moja pana lisilo na kina. Unapofuta bamba, kitambaa hukomba wino wote wa katikati. Unaosalia ni ule uliojificha kwenye kingo.

Bamba lijalo liliwe kwa awamu. Kwa dawa ya nyuzi 40 za Baumé (kipimo cha uzito wa dawa) yenye joto la takriban 20°C, anza na dakika 10 kwa picha nzima. Toa, suuza, kausha, kisha ziba kwa vanishi nyaya za kreni na majengo ya mbali. Rudisha dakika 15, halafu ziba kiunzi. Mihimili ya mbele ndiyo iendelee hadi ifikie dakika 50 au 60 kwa jumla. Dawa iliyochoka hula polepole, kwa hiyo pima kwanza kwa kipande cha shaba. Laza bamba kifudifudi, liinuke kidogo kutoka kwenye trei, la sivyo mashapo yatajaa ndani ya mistari.

Weusi mpana utafute kwa akwatinti, yaani kulisha bamba kupitia chembe za unga, si kwa mistari. Hata bamba ulilonalo linaokoka hivyo: ondoa nta na mafuta yote, nyunyizia unga laini wa rosini (utomvu mkavu wa misonobari) kwenye shimo, pasha bamba kwa chini mpaka chembe ziyeyuke na kushika, ziba kwingine kote pamoja na mgongo wa bamba, kisha zamisha dakika 15 hivi. Vaa barakoa, na moto usiwe karibu unga ukiwa bado hewani, kwani hulipuka.

Mchoraji Mskoti Muirhead Bone, katika picha yake The Great Gantry ya 1906, hakutumia asidi kabisa: kiunzi cha stesheni ya Charing Cross alikikwaruza kwa sindano kavu. Weusi huo ni mzito, ila husagika upesi chini ya mashine. Kwa nakala nyingi, akwatinti inafaa zaidi.

Na kama uzio wa jengo una maandishi, yachore kinyume, maana picha hugeuka inapochapwa.