Kabla ya kupanda matatu ya Olenguruone

Mmeuliza wiki hii ni wapi kwenye milima ya chai panapomfaa mtu anayetaka kuona utamaduni wa jamii ndogo. Hilo neno "kuona" limenichoma. Nilikaa niwajibu kwa neno moja: msiende.

Miaka michache iliyopita mimi na binamu yangu tulitoka Nakuru kwa matatu hadi Olenguruone, tukachukua bodaboda upande wa Tinet. Tulichotaka ni picha: chai, ukungu, msitu wa Mau nyuma yake. Mvua ya mchana ikatukuta, pikipiki ikazama kwenye tope, tukakimbilia jiko la nyumba iliyokuwa karibu.

Ndani alikuwako bibi mmoja wa Kiogiek, jamii ndogo ya msitu wa Mau, akimenya viazi. Nikamwamkia, "Chamgei, Kogo," yaani hujambo, bibi. Akaitikia vizuri, akatusogezea vigoda, akaongeza kuni. Binamu yangu, kabla hata hajaketi, akatoa simu akampiga picha.

Kogo akaweka kisu chini. Hakupandisha sauti. "Mmekuja kuangalia majani ama mmekuja kutuangalia sisi?"

Tulikosa la kusema. Binamu yangu akaifuta ile picha huku Kogo akitazama. Ndipo akatumiminia chai, akarudia viazi vyake, na mvua ikaendelea kupiga mabati kwa karibu saa mbili. Nimesahau safari nyingi, lakini zile saa mbili ninazo zote.

Mwanawe aliingia amelowa, kikapu mgongoni, ametoka kupimisha majani. Ndiyo, wao pia wana kipande cha chai, na ndicho kinacholipa karo. Nilimuuliza kuhusu gogo lililotobolewa, lililolazwa chini ya paa. Akasema ni mzinga, wa mtarakwa, lakini siku hizi hupata asali kidogo. Nyuki hana shughuli na chai: mchai unaochumwa kila wiki moja au mbili hutoa maua kwa nadra. Nyuki anataka miti ya msituni. Na kati yao na msitu kuna chai ya Nyayo, ile ya serikali iliyoanzishwa 1986 iwe mpaka wa kuzuia watu wasiendelee kuingia. Mimi nilikuwa nimekuja kuipiga picha kwa sababu ni nzuri.

Kogo alituomba jambo moja tu: tusiwaite Wadorobo, kwa kuwa jina hilo walipewa na wengine, la kumwita mtu maskini asiye na ng'ombe. Kesi yao ya ardhi kule Arusha mwanawe aliijua vizuri kuliko mimi niliyesoma. Mnamo 26 Mei 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua kwamba serikali ilivunja haki za Waogiek ilipowatoa Mau. Juni 2022 ikaamuru walipwe fidia ya zaidi ya shilingi milioni 157 na wapewe hatimiliki ya ardhi ya mababu zao. Novemba 2023, nyumba za Waogiek zilipobomolewa Sasimwani, hukohuko Mau, nilimkumbuka mwanawe akitaja tarehe hizo huku akikausha miguu motoni.

Nilipoanza kuandika nilikuwa nimekaza kuwa msiende. Lakini Kogo hakutufukuza. Tulipoaga alisema turudi kukiwa kukavu, tuonyeshwe mizinga iliyo juu ya miti.

Basi jibu langu ni Tinet. Nendeni, ila mwe na mwenyeji anayewangoja na anayejua mnakuja. Aprili na Mei barabara ni tope tupu. Asali nunueni kwa bei mtakayotajiwa. Mkisikia kuna habari za watu kuhamishwa, ahirisheni, isipokuwa wenyewe wamewaita. Kuhusu picha, ulizeni, na mkikataliwa msiulize mara ya pili.

Mimi nimerudi mara mbili. Binamu yangu bado anaona haya, ingawa kila nikienda Kogo huniuliza yule kijana wa simu yuko wapi.