Nani Anaamua Nini Redioni? Majibu kwa Wasomaji wa Kigoma na Tabora

Barua za safari hii karibu zote zinahusu uongozi wa redio za umma na za jamii huku magharibi. Maswali tumeyafupisha, na majina ya vituo hatukuyataja.

Mjumbe wa bodi, Kasulu: Tangu redio yetu ya jamii ianze, meneja ndiye mhariri, ndiye mtafuta matangazo, ndiye anayeshika kitabu cha risiti. Sasa bodi inataka timu ya uongozi. Tuna waajiriwa 11 na vijana sita wanaojitolea. Viongozi wangapi wanatosha, na bodi mipaka yake ni ipi?

Ndugu mjumbe, watano wanatosha: meneja wa kituo, mhariri wa habari, mkuu wa vipindi, fundi mkuu na mhasibu. Kwa watu 11, cheo kisimtoe mtu kazini. Mkuu wa vipindi ataendelea kutangaza na mhariri ataendelea kwenda mtaani na kinasa sauti. Kinachobadilika ni kwamba kila uamuzi utakuwa na mtu mmoja wa kuulizwa, na jina lake litakuwa limeandikwa.

Masoko mnaweza kumwachia meneja mpaka kituo kikue, ila yasiunganishwe na uhasibu. Aliyeuza tangazo akipokea fedha na kuandika risiti mwenyewe, hakuna atakayegundua tangazo lililorushwa mara 30 wakati mteja amelipia mara 20. Kila Jumatatu mhasibu aweke karatasi tatu mezani: oda ya mteja, kitabu cha zamu cha studio na risiti ya EFD, yaani mashine ya risiti za kodi. Zisipolingana, aulize siku hiyohiyo, maana baada ya mwezi hakuna mtangazaji anayekumbuka alirusha nini. Masoko yasiunganishwe na uhariri pia. Anayembembeleza mfanyabiashara asubuhi hawezi mchana kuhariri kwa haki habari ya mizani iliyochezewa dukani kwake.

Bodi iwe na wajumbe saba au tisa na ikutane kila robo mwaka. Kazi yake ni kuajiri meneja, kupitisha bajeti na sera ya uhariri, na kupokea hesabu zilizokaguliwa. Bodi haipangi zamu wala haichagui habari. Mjumbe anayempigia simu mtangazaji aliye hewani amevunja utaratibu hata kama hoja yake ni njema. Meneja ahudhurie vikao kama katibu, bila kura.

Baadhi ya bodi hunakili muundo wa TBC, shirika la utangazaji la taifa, nasi tunadhani hilo ni kosa. Kule Mkurugenzi Mkuu huteuliwa na Rais, na viongozi wa mikoani hupokea sera kutoka makao makuu. Redio ya jamii haina makao makuu ya kuuliza, kwa hiyo maamuzi yote lazima yawe na mwenyewe hapohapo Kasulu.

Kuhusu kumpata meneja, vyeti tazameni lakini msiishie hapo. Wapeni waombaji watatu wa mwisho kazi ya saa tatu: bajeti ya mwezi yenye pengo walizibe, barua ya malalamiko waijibu, na ratiba ya zamu ya wiki ambayo watangazaji wawili ni wagonjwa. Mtakachokiona hapo hakipo kwenye vyeti.

Mhariri wa habari, Tabora Mjini: Tulikuwa na habari ya kisima cha kijiji kilichokaa miezi bila pampu. Dakika 20 kabla ya taarifa ya habari meneja alipigiwa simu na ofisa mmoja, akaniambia niitoe. Niliitoa. Nani mwenye neno la mwisho?

Mwenye neno la mwisho kwenye habari ni mhariri. Hata hivyo msimamo huo lazima uwe umeandikwa na kupitishwa na bodi kabla simu haijapigwa, kwa sababu dakika 20 kabla ya taarifa hakuna anayesoma kanuni.

Meneja ana sababu halali ya kuwa na hofu. Mwenye leseni ndiye anayeitwa na Kamati ya Maudhui ya TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano, na kituo ndicho kinachotozwa faini au kufungiwa. Kwa hiyo apewe haki ya kuuliza maswali matatu, asizidi hapo: Je, ukweli umethibitishwa na vyanzo viwili? Je, anayelaumiwa amepewa nafasi ya kujibu? Je, kuna sheria inayovunjwa, na ni ipi? Mhariri akijibu yote matatu, habari inakwenda. Akishindwa moja, habari inasubiri taarifa inayofuata na pengo linazibwa. Kwa kisima chako, pengo la kawaida huwa ni la pili. Mwandishi amepiga picha kisima na kuongea na akina mama foleni, lakini RUWASA, wakala wa maji vijijini, au kamati ya maji ya kijiji hawakutafutwa, au walitafutwa mara moja tu. Andika kwenye daftari saa uliyopiga, namba na jina la uliyemtafuta. Mara mbili kwa saa tofauti inatosha, kisha msomaji wa habari aseme kuwa hawakupatikana.

Meneja akiendelea kukataa, aandike. Karatasi ya nusu ukurasa yenye tarehe, saa, kichwa cha habari, sababu na saini, nakala moja kwa mhariri na moja kwenye jalada la bodi. Maagizo mengi ya simu huyeyuka pale mtu anapoombwa kuyaweka kwenye maandishi. Robo mwaka ikiisha bodi isome karatasi hizo zote. Zikiwa nyingi na sababu ni ileile, tatizo liko kwa meneja. Zikiwa chache na kila moja inaonyesha habari iliyopwaya, mhariri ndiye anayehitaji kusaidiwa.

Ofisa aliyepiga simu naye ana njia yake: aandike malalamiko kwa kituo baada ya habari kurushwa, na kituo kimjibu. Asiporidhika, aende mbele TCRA au Baraza la Habari Tanzania. Hapo ndipo rekodi ya matangazo inapookoa kituo. Rekodini saa zote 24 kwa mp3 ya kilobiti 128. Saa moja huchukua megabaiti 57.6, siku nzima gigabaiti 1.4 hivi, na siku 90 kama gigabaiti 125. Diski ya gigabaiti 500 inabeba karibu mwaka. Kituo kinachosema hakina nafasi ya kuhifadhi rekodi hakijapiga hesabu hiyo.

Redio ikiwa mali ya halmashauri, ugumu unaongezeka, kwani anayelipa mshahara ndiye anayeripotiwa. Tunashauri bodi iwe na wajumbe wengi wasio watumishi wa halmashauri, yaani walimu wastaafu, viongozi wa dini, wavuvi au wakulima, na mhariri asiondolewe bila theluthi mbili ya kura zao.

Fundi mitambo, Kigoma: Umeme ulikatika saa nane usiku, jenereta haikuwaka, tukarudi hewani saa kumi na mbili. Meneja ananilaumu mimi. Lakini mimi siingii vikao vya uongozi, na mafuta yananunuliwa na ofisi.

Kama hauingii vikaoni, kosa la kwanza ni la muundo. Fundi mkuu lazima awe ndani ya timu, kwa kuwa yeye ndiye anayejua leo kitakachozima kituo mwezi ujao. Apewe mamlaka ya kununua vitu vya dharura hadi kiwango kilichopangwa bila kusubiri saini, na akabidhiwe mafuta yenyewe, siyo ahadi ya mafuta.

Peleka hesabu kikaoni. Jenereta ya kVA 15 ikibeba nusu ya uwezo wake hula lita 2 hadi 2.5 za dizeli kwa saa. Weka wastani wa kukatika saa nne kwa siku, hiyo ni lita 300 kwa mwezi ukichukua kiwango cha juu. Akiba ya lita 60 ikae kwenye mapipa yaliyofungwa na isiguswe kwa safari za gari. Wala msinunue jenereta kubwa kupita mahitaji. Injini ya dizeli inayozunguka muda mrefu ikiwa na mzigo mdogo, chini ya asilimia 30, haichomi mafuta yote, hujaa masizi na kuanza kutema mafuta meusi kwenye bomba la moshi. Iwasheni kila Jumamosi kwa nusu saa ikiwa na mzigo, na pimeni betri ya kuwashia. Jenereta nyingi zinazogoma usiku zina betri iliyokufa, injini yenyewe ni nzima.

Mnara ukiwa mlimani na studio ikiwa mjini, kama ilivyo kawaida Kigoma ambako mji umekaa ukingoni mwa ziwa na vilima viko nyuma yake, mfundishe kila mtangazaji wa zamu jambo hili. Redio ya msikilizaji ikitoa mvumo wa "shuuu", mtambo umezima. Ikiwa kimya kabisa bila mvumo, mtambo uko hewani ila sauti haifiki, basi tafuta kwenye meza ya studio au kwenye linki ya kupeleka sauti mnarani. Kujua tofauti hiyo kwa simu kunamwokolea fundi safari ya mlimani usiku.

Mara mbili kwa siku andikeni nguvu inayotoka, nguvu inayorudi kutoka kwenye antena, joto na volti. Kwa mtambo wa wati 1,000, zikirudi wati 20 hakuna shida. Zikifika 40, panga siku ya kukagua. Zikifika 100, kuna maji kwenye konekta, kebo iliyochubuka au antena iliyolegea, na mtambo utaanza kujipunguza nguvu wenyewe. Usiuzime na kuuwasha tena na tena ili "ukae sawa". Ndivyo transista za hatua ya mwisho zinavyoungua, na vipuri hivyo havipatikani Mwanga sokoni. Chujio za feni zisafishwe kila wiki mbili kiangazi, na waya wa ardhi wa mnara ukaguliwe kabla mvua za Oktoba na Novemba hazijaanza, radi zisije zikawakuta.

Mhasibu, Urambo: Msimu wa tumbaku matangazo yanajaa, ukiisha tunashindwa kulipa hata posho. Na je, nani asaini hundi?

Saini ziwe mbili kila mara: meneja na wewe. Malipo yakizidi kiwango ambacho bodi imepanga, iongezeke ya mweka hazina wa bodi. Asiwepo mtu anayesaini hundi tupu "kwa sababu anasafiri", jambo ambalo limezoeleka mno.

Kuhusu msimu, gawa mapato ya miezi ya mauzo kwa miezi 12, siyo kwa miezi yalimoingia. Tenga kwanza PAYE, yaani kodi ya mishahara, inayotakiwa kufikia tarehe 7 ya mwezi unaofuata, na mchango wa hifadhi ya jamii wa NSSF, ambao jumla ni asilimia 20 ya mshahara. Kisha umeme na mafuta, kisha mishahara. Posho za wanaojitolea zisiwe za mwisho kila mwezi. Kijana anayerudi nyumbani kwa miguu bila nauli ndiye anayepokea bahasha kwenye mkutano, na habari yake ikaharibika kabla haijaandikwa. Matangazo ya wanasiasa yalipiwe kabla ya kurushwa, bila ubaguzi.

Mtangazaji wa kike, Kibondo: Shikamooni. Nina miaka sita kazini, lakini nafasi za ukuu hupewa wenzangu wa kiume. Naambiwa sina uzoefu wa uongozi.

Marahaba. Uzoefu unapatikana kwa kukaimu, kwa hiyo omba kwa maandishi kukaimu ukuu wa vipindi pale mwenye nafasi anapokwenda likizo, ukiwa na barua ya kukaimu na posho yake. Bila barua, kazi uliyofanya haihesabiki. Hakikisha ithibati yako ya uandishi chini ya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 iko sawa, isije ikawa kisingizio. Nanyi mameneja, tazameni zamu ya usiku. Kituo kisicho na usafiri wa kumrudisha mwanamke nyumbani saa tano usiku kimeshamtoa kwenye zamu ambako watu hujifunza kusimamia kituo peke yao.

Meneja mpya, Nzega: Nimekabidhiwa funguo na magari. Nini kingine nidai kwa aliyenitangulia?

Leseni halisi na tarehe zake za kuisha, mkataba wa mnara, stakabadhi za malipo ya hakimiliki ya muziki mnaopiga, na orodha ya madeni ya pande zote mbili. Nywila za kompyuta ya kurushia vipindi, za kurasa za mitandao na za barua pepe ya kituo zibadilishwe mbele yenu wote wawili, siku hiyohiyo.

Halafu dai laini ya simu. Namba ambayo wasikilizaji wamezoea kutuma salamu na kupiga hewani mara nyingi imesajiliwa kwa kitambulisho cha NIDA na alama ya kidole ya meneja aliyeondoka, na wakati mwingine malipo ya matangazo kwa simu yanaingia hapohapo. Akiiripoti kuwa imepotea, ataipata yeye. Nendeni pamoja kwenye duka la mtandao husika mkiwa na nyaraka za usajili wa kituo, muihamishie kwa jina la taasisi, na msisaini hati ya makabidhiano kabla uhamisho huo haujakamilika.