Re: Taita na watoto, siku mbili zinatosha?

Dada, umeuliza kama siku mbili zinatosha kuiona Taita pamoja na watoto kutoka hapa Mombasa. Zinatosha, ila usijaribu kuona kila kitu.

Panda SGR pale Miritini ile treni ya asubuhi inayosimama vituoni, ushuke Voi. Hapo chukua matatu ya Wundanyi kupitia Mwatate. Baada ya Mwatate barabara inapanda kwa kona kali, kwa hivyo mwenye kutapika garini akae mbele. Na masweta muhimu! Sisi watu wa joto hujidanganya. Kilele cha Vuria kina zaidi ya mita 2,200 na ukungu wake ni wa kweli.

Siku ya kwanza nendeni msitu wa Ngangao, na muongozaji wa hapo kijijini. Watoto waambie wanyamaze kidogo: kuna ndege wa vilima vya Taita tu, kama kuruwiji wa Taita mwenye mdomo wa rangi ya chungwa, anayepekua majani chini. Mapango ya mafuvu ya mababu pia yapo, lakini omba ruhusa kwa wazee kwanza, na usiguse kitu. Hayo si maonyesho.

Siku ya pili, kilima cha Salaita, upande wa Taveta. Februari 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, jeshi la Waingereza, wengi wao Waafrika Kusini, lilirudishwa nyuma hapo na askari wa Wajerumani. Kilima chenyewe ni kidogo, na jua ni kali, fikeni mapema. Ziwa Chala liacheni kwa safari nyingine.